Namba Ndogo, Jicho Gumu

Bwana Kasiano tulimzika Jumamosi, na leo Jumatano bado sijamaliza kukasirika. Si kwa kufa kwake. Alikuwa mzee, amekula chumvi nyingi, na miaka zaidi ya ishirini ya mwisho aliishi akishikwa mkono kama mtoto anayepelekwa kliniki. Kilichonikera ni ile risala. Msomaji wake, bwana mmoja aliyevaa koti kwenye joto lote lile la Mpanda, alituambia kwamba marehemu ndiye aliyetuletea huduma ya macho sisi watu wa huku, kabla hatujajua hata presha ya macho ni kitu gani, na kwamba alijipofusha mwenyewe kwa kuandika taarifa za wagonjwa kwa mwanga wa koroboi. Watu wakaguna kwa huzuni. Mimi nilikuwa mkekani na wanawake wenzangu, sahani ya wali na maharage mapajani, nikacheka. Kilinitoka tu kicheko, tena kwa sauti. Mama aliyekaa ubavuni kwangu akanifinya. "Bibi, tuko msibani." Nikamwambia najua tuko wapi, ila koroboi haijampofusha mtu tangu dunia iumbwe. Akanisogezea maji ya kunywa, akidhani ni uzee.

Basi acha niseme, maana waliokuwepo wamekwisha na nimebaki mimi. Ilikuwa miaka ya sabini, watu wamekwishahamishiwa vijijini na bado wanagombana nani kapewa kiwanja chenye mchwa. Mimi nilikuwa nesi mpya, jina langu Leokadia, nimepangiwa zahanati ndogo ya misheni nje ya mji, upande wa kwendea Kasokola. Jengo lenyewe lilishabomolewa. Lilikuwa na vyumba vitatu, na kile cha katikati ndicho kilichokuwa cha macho: dirisha limezibwa kwa blanketi la kijivu ili kuwe giza, kitanda cha mbao, meza iliyokuwa ikichezacheza, na harufu ya dawa ya kuoshea vidonda iliyochanganyika na harufu ya kuku. Kuku alikuwa wa Bwana Kasiano. Alikuwa mganga msaidizi lakini ukitaka akujibu umwite daktari. Chakula chake kililetwa saa sita na mkewe, wali wa Mpimbwe ule unaonukia mpaka barabarani, kimefungwa kwenye kitambaa cheupe, naye alikula mle mle chumba cha vipimo kwa sababu kulikuwa na ubaridi. Akimaliza alilamba vidole kimoja kimoja, kwa mpango, halafu kwa vidole hivyo hivyo akamfunua mgonjwa kope. Nikimletea beseni la maji alisema, "Weka hapo, binti," na hapo ndipo lilipobaki.

Kiangazi cha mwaka ule alikuja kwa treni daktari wa macho kutoka Tabora, mtu mwembamba, mpole, asiyependa kusemeshwa akiwa kazini. Alikaa wiki moja. Aliwaona vipofu wengi, akasema wengine ni mtoto wa jicho na atawaondolea, lakini wengine ni presha ya macho, na hao macho yao yamekufa hayarudi. "Hawa hatuwezi kuwasaidia," aliniambia. "Lakini kila kipofu wa namna hii ana ndugu wa tumbo moja na ana watoto. Hao ndio wagonjwa wako. Usingoje waje wakilalamika, maana hawatalalamika. Hauumi ugonjwa huu. Unakula kuona kwa pembeni taratibu, na katikati mtu anaona vizuri tu mpaka siku ya mwisho." Akatuachia chupa za matone, tochi ya kuchungulia ndani ya jicho, na kipimo. Hicho kipimo ndicho chanzo cha yote. Kilikuwa chuma kidogo chenye kimguu na sindano inayotembea juu ya mstari wa namba. Unamlaza mgonjwa chali, unamtia matone ya ganzi, unakisimamisha juu ya jicho lenyewe. Jicho laini linabonyea, sindano inakwenda mbali, inasoma sita, saba, tisa. Jicho lililojaa presha ni gumu, halibonyei, sindano inaishia moja au mbili. "Namba ndogo, jicho gumu," daktari alinirudia maneno hayo mara tatu. "Jicho gumu, presha kubwa. Ukishapata namba unaangalia kwenye kadi, kadi inakwambia presha halisi." Nilielewa. Mtu yeyote angeelewa, kwa sharti moja tu, awepo chumbani. Bwana Kasiano hakuwepo. Alikuwa barazani na Mwenyekiti wa kijiji wakila mbuzi wa kuchoma waliyechinjiwa mgeni, na wakati mgeni mwenyewe ananifundisha mimi nilisikia vizuri kupitia blanketi wakibishana kama trekta likija liegeshwe kwa Mwenyekiti au kwa Katibu. Alikuja mwisho, midomo inang'aa mafuta, akakishika kile chuma akakipima uzito mkononi. "Rahisi," akasema. "Nimeona vya namna hii."

Treni ilipoondoka na daktari wake, Bwana Kasiano aliitoa ile kadi kwenye kisanduku, akaitazama mbele na nyuma, akasema ni risiti ya dukani. Akaikunja mara nne akaiweka chini ya mguu wa meza, meza ikaacha kucheza. Kisha akaanza kupima watu. Nane! Presha kubwa hiyo, mpe matone. Tisa! Loo, mzee, umewahi, ungechelewa wiki moja tu! Mbili? Safi, mama, nenda kalime. Nilidhani ananitania. Alipofika mtu wa nne nikamwambia, taratibu, kwa heshima zote, kwamba daktari wa Tabora alisema ni kinyume. Chumba kilikuwa na watu sita wamejipanga kwenye benchi. Akaweka kipimo chini. "Leokadia. Mbili na tisa, ipi kubwa?" Nikasema tisa, lakini. "Lakini nini? Nyie mmesikia? Amesoma sekondari huyu, anataka kutuambia mbili ni kubwa kuliko tisa!" Benchi zima likacheka. Mzee mmoja alicheka mpaka akakohoa. Ningemtaja jina lakini ameshakufa, tena kipofu, kwa hiyo tumwache na kicheko chake. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nikashikwa na haya, nikafyata mkia. Nikachukua kalamu, nikawa naandika kwenye daftari kila alichosoma.

Nilifanya kazi hiyo miezi mitano. Naona aibu kuandika, lakini ndivyo ilivyokuwa. Wazima walikuwa wanapewa dawa na wagonjwa wanarudishwa shambani, na mimi naandika kwa mwandiko mzuri. Mwenyekiti alipimwa akapata tisa, macho ya mtu atakayezeeka anaona, Bwana Kasiano akamtangazia presha kubwa. Ungedhani kapewa cheo kipya. Alipita kijijini akisema ni ugonjwa wa watu wenye mawazo mengi, wa viongozi, na kila mwenye kujiheshimu akataka awe nao: mwenye duka, mshona nguo, makarani wawili wa chama cha ushirika. Matone yale yanaifinya mboni ya jicho inakuwa kama tundu la sindano, kichwa kinagonga, na jua likizama mtu haoni njia. Basi ikawa ikifika saa kumi na mbili jioni unawakuta waheshimiwa wetu wanatembea mikono mbele, wanajikwaa kwenye matuta ya viazi, wanasalimia miti. "Dawa inafanya kazi," anasema Bwana Kasiano. Na mimi nilikuwa nawadharau wote, wao na yeye, na dharau ile nikaifanya ndiyo kazi yangu. Niliona kuwadharau kunatosha.

Nilipanga chumba kwa Baba Sabina, jina lake Anselmo, Mkonongo mmoja mrina asali. Msimu ukifika alipanda treni mpaka vituo vya kule Ugalla, akaingia porini wiki tatu nne, akarudi na madebe ya asali na nta. Nyumba yake ilikuwa ya tofali mbichi, na tulikula wote uani, kwenye kivuli cha ukuta wa jiko: yeye, mkewe Mama Sabina, mimi, na kaka yake Mzee Raymondi ambaye alikuwa kipofu kabisa na ambaye daktari wa Tabora alishasema ni presha ya macho. Mama Sabina alikuwa akimshika Mzee Raymondi mkono akauweka juu ya ugali, halafu kwenye bakuli la mboga, ugali hapa, kisamvu hapa, na mzee anakula kwa usafi kuliko sisi sote. Siku moja mchana Anselmo alinyoosha mkono kuchukua chumvi akaangusha bakuli zima la dagaa lililokuwa ubavuni kwake. Lilikuwa la pili wiki ile. "Khaa! Baba Sabina, siku hizi una haraka ya nini?" mkewe akafoka. "Bakuli hulioni?" Anselmo akacheka, akasema analiona, limekaa vibaya. Mzee Raymondi akaacha kutafuna. "Na mimi nilianza hivyo hivyo," akasema. "Kumwaga vitu. Kugonga milango. Wakasema nimekuwa mlevi, na pombe nilikuwa sijaonja tangu Pasaka." Mimi nikarudisha tonge chini, maana Anselmo nilimwandika mwenyewe kwenye daftari, mwezi wa pili wa upimaji. Kulia mbili, kushoto moja na nusu. Na pembeni, kwa maneno ya Bwana Kasiano: macho mazuri sana.

Ungemwona Anselmo siku ile alipopimwa! Alisoma ubao wa herufi mpaka mstari wa chini kabisa, ule ambao mimi mwenyewe nilihitaji kukaza macho. Bwana Kasiano akamwonyesha kwa watu kama fahali wa maonyesho. Sasa palepale uani, vyombo bado viko chini, nikamwomba Anselmo akae kwenye kigoda mbele yangu, magoti yaguse magoti, afunge jicho moja kwa kiganja na anitazame puani asibandue. Nikanyoosha mkono pembeni nikawa nachezesha kidole, nakisogeza ndani pole pole. "Ukikiona sema." Akakaa kimya. Mimi mwenyewe kidole changu nilikiona zamani, yeye kimya. Kilipofika karibu na sikio langu akasema, "Hicho." Jicho la pili lilikuwa afadhali, lakini si sana. Mama Sabina alikuwa amesimama na beseni anatazama. Hakuhitaji sekondari kuelewa. "Na mwezi ujao anapanda miti Ugalla," akasema. Anselmo alikuwa amerudi safari iliyopita na paji la uso limechanika, akatuambia ni tawi. Mtu anapanda mti mrefu kwa kamba, moshi mkono mmoja, nyuki wamemzunguka, na upande mzima wa dunia haupo.

Kesho yake asubuhi nilimkuta Bwana Kasiano anakunywa chai ya maziwa na mihogo. Nikamwambia Anselmo ni mgonjwa, namba zake ni mbaya, aandikiwe barua ya Tabora. Nikamwambia na habari ya kadi, kwamba ndiyo ile aliyoiweka chini ya mguu wa meza. Tukainua meza. Mchwa walikuwa wameshaila kadi, imebaki pembe moja. Akafurahi. "Unaona? Hata mchwa wamejua ni takataka." Watu walikuwa wameshaanza kujaa kwenye benchi, naye akipata hadhira alikuwa hajizuii. Akavua viatu, akajilaza kitandani. "Nipime mimi. Mama yangu amekufa haoni, miaka mingi. Si mnasema ugonjwa wa ukoo? Nipime, watu wasikie." Nikamtia ganzi, nikasimamisha chuma. Jicho la kulia mbili. La kushoto mbili. Nilisoma kwa sauti kwa sababu aliniamuru. Akaruka toka kitandani, akajipiga kifua. "Mbili! Na nina miaka hamsini na moja! Macho ya kijana!" Wakapiga makofi. Nikaandika kwenye daftari, Kasiano, mbili, mbili. Barua hakuandika. Akasema nikileta tena maneno yale ataniombea uhamisho wa kwenda mahali ambapo hata treni haifiki.

Barua niliiandika mimi. Nilikuwa sina ruhusa wala muhuri, ningeweza kufukuzwa kazi asubuhi yake, lakini kwa mara ya kwanza mwaka ule sikungoja kuambiwa. Nikamwandikia daktari namba za Anselmo, habari ya kidole, habari ya kaka yake, na nikamwomba kadi nyingine. Kazi ikawa kumshawishi mgonjwa mwenyewe. "Nesi, mimi naona," alikuwa akisema. "Naona yule kuku kule. Naona msumari kwenye ule mlango. Kwa nini nikakatwe jicho linaloona?" Nilieleza nikachoka. Aliyemaliza ubishi ni Mzee Raymondi. Alimwita mdogo wake kwa jina la utotoni, akamwambia, "Mimi hakuna aliyeniambia. Ningeambiwa ningekwenda Tabora kwa magoti. Wewe umeambiwa, halafu unaniletea habari za kuku." Anselmo akainamisha kichwa. Alhamisi akapanda treni, mkewe amemfungia maboga ya kuchemsha na chupa ya asali ya daktari.

Alikaa kule karibu mwezi. Siku hizo Mama Sabina hakupika mboga ya maana. Tulikula ugali na chumvi na hakuna aliyelalamika. Aliporudi alikuwa na kitambaa kwenye jicho la kushoto na barua mbili, moja yangu na moja ya Bwana Kasiano. Daktari alimtoboa tundu dogo la kupitishia maji ya jicho, presha ikashuka, na la kulia lilipewa matone. Aliyopoteza yamepotea, alisema, lakini yaliyobaki anaweza kuzeeka nayo. Na alizeeka nayo. Hakupanda mti tena. Alining'iniza mizinga chini chini nyuma ya nyumba, watu wakamcheka, akawauzia asali kwa bei ya kicheko chao. Alikufa anaona msumari kwenye mlango.

Barua ya Bwana Kasiano sikuisoma, lakini nilimtazama anavyoisoma. Alisimama mlangoni kwenye mwanga, akaisoma mara ya kwanza haraka, mara ya pili kwa kidole. Ndani yake kulikuwa na kadi mpya. Hakuikunja. Aliiweka mezani akaitazama muda mrefu, midomo inachezacheza, namba upande huu, presha upande huu. Ungetegemea nimwonee huruma. Hata kidogo! Nilifaidi kila kitu kwa macho: jinsi shingo ilivyolegea, jinsi alivyomwambia mgonjwa wa kwanza kwamba zahanati imefungwa leo. Siku ile chakula chake kilikuja na kikarudi kimefungwa vile vile kwenye kitambaa.

Walipokwisha kuondoka watu wote alikaa kwenye benchi ya wagonjwa, na mimi nafunga chupa. Akaniuliza bila kunitazama, "Ile yangu ilikuwa ngapi?" Mwaka mzima hakuwahi kuniuliza kitu asichokijua. Jibu nilikuwa nalo, na alijua ninalo. Nilikuwa nalo pamoja na mama yake aliyekufa haoni na miaka yake hamsini na moja. Kilichotakiwa kusemwa kilikuwa kifupi: lala hapo, Bwana Kasiano, tupime tena, treni ipo Alhamisi. Mtu niliyekuwa siku ile naandika barua ya Anselmo angesema hivyo. Nikamwambia, "Mbili, daktari. Macho ya kijana." Nikasema kwa sauti ile ile aliyoitumia siku ile kuwachekesha watu juu yangu. Akatikisa kichwa polepole, akavaa kofia, akaenda kwao. Kwenda Tabora kungekuwa kusema mbele ya Mwenyekiti na benchi zima kwamba binti alikuwa anajua. Nilijua hataweza bila mtu kumsukuma. Nilikuwa najua hilo nilipokuwa nasema.

Wiki iliyofuata nilianza kuwaita upya watu wote wenye namba ndogo. Bwana Kasiano hakunizuia, alishinda chumba cha sindano. Nilikaa na daftari na kalamu nyekundu, nikapitia ukurasa kwa ukurasa, mbili, weka alama, moja na nusu, weka alama, kisha nikaazima baiskeli ya misheni nikawafuata mmoja mmoja, mwingine mpaka Sitalike, mwingine kwenye mashamba ya mpunga nikiwa na matope hadi magotini. Bibi mmoja alinitupia mwiko. Nikarudi kesho yake. Karibu wote niliwapata, na waliotakiwa kwenda Tabora walikwenda. Lakini kabla ya yote hayo, nilipofika ukurasa ule, nililikuta jina la Bwana Kasiano, la nne kutoka juu. Mkono ulisimama. Nililisoma vizuri, nikaliruka. Mlango wa chumba cha sindano ulikuwa wazi na nilikuwa namwona, amekaa ananitazama mimi moja kwa moja. Nzi akaja kwa pembeni, kutoka dirishani, na Bwana Kasiano akampunga kwa mkono kabla hajamfikia, bila hata kugeuza kichwa. Kwa pembeni alikuwa bado anaona.